Udereva wa spidwei kama kazi: kuanzia mazoezini hadi mkataba wa ligi

Spidwei ni mbio za pikipiki zisizo na breki wala gia za kubadilisha. Madereva 4 husimama nyuma ya utepe, ukiruka wanaondoka, wanazunguka mara 4 kinyume cha mwendo wa saa kwenye kiwanja cha udongo na kokoto zilizosagwa, na baada ya dakika moja hivi mbio zimekwisha. Wa kwanza anachukua pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka mikono mitupu. Kwenye ligi hilo ni jambo la tumboni kabisa, maana dereva hana mshahara wa mwezi. Klabu inamlipa kwa pointi, na ni yeye anayenunua pikipiki, injini na matairi, anayemlipa fundi na anayejaza mafuta kwenye vani.

Kwa hiyo kila uamuzi ulioelezwa hapa, iwe ni meno ya sproketi (gurudumu la meno linalozungushwa na cheni) au siku ya kurudi kazini baada ya kuvunjika mfupa, upime kwa swali moja: utaniletea pointi ngapi, na kwa gharama gani?

Kazi iko wapi

Iko Ulaya. Poland ndiko kwenye fedha nyingi na watazamaji wengi. Ligi yake ya juu ni Ekstraliga yenye klabu 8, na chini yake kuna ngazi nyingine mbili. Zinafuata Sweden, Uingereza na Denmark. Msimu unaanza karibu na Aprili na kwisha Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Kinachowezesha mtu mmoja kufanya kazi nchi tatu ni ratiba: Poland hukimbiza zaidi Ijumaa na Jumapili, Sweden Jumanne, Denmark Jumatano, na ligi ya juu ya Uingereza hupenda Jumatatu na Alhamisi. Ukiona dereva anashuka Manchester Jumatatu na keshoye yuko Sweden, ndiyo wiki yake ya kawaida. Wengine huweka pikipiki na fundi katika kila nchi ili wao wasafiri kwa ndege wakiwa na begi la helmeti tu.

Juu ya ligi kuna ubingwa wa dunia. Tangu 1995 unaamuliwa kwa mfululizo wa Grand Prix. Kabla ya hapo ulikuwa fainali ya usiku mmoja, ya kwanza ikiwa Wembley mwaka 1936. Bartosz Zmarzlik wa Poland alitwaa taji hilo mara 5 kati ya 2019 na 2024. Usipange maisha yako kwa kumtazama yeye. Madereva wengi wanaokula kwa kazi hii hawajawahi kupanga mstari kwenye Grand Prix, na bado wana nyumba na watoto shuleni.

Ngazi za kupanda

Mtoto huanza na pikipiki ndogo. Mashindano ya dunia ya watoto, SGP4, hutumia injini za cc 190. Ya vijana, SGP3, ni cc 250. SGP2 ni ya walio chini ya miaka 21, na hapo tayari ni pikipiki kamili ya cc 500. Kwenye pikipiki hiyo kubwa, mashindano ya kimataifa huanza ukiwa na miaka 16.

Leseni hutolewa na shirikisho la nchi lililo chini ya FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki. Poland kuna mtihani hasa: maswali ya kanuni, kisha kuzunguka mizunguko 4 peke yako ndani ya muda uliowekwa, kisha kushindana na wenzako. Anayefeli mara nyingi hana shida ya woga. Mbio za peke yake amezifanyia mazoezi mwaka mzima, lakini hajawahi kuingia kona huku vumbi la mwenzake limemziba macho. Kabla ya mtihani, fanya angalau nusu ya mazoezi yako ukiwa nyuma ya mtu.

Kijana wa Poland ana faida ambayo mgeni hana: kanuni zinailazimisha kila klabu ya Ekstraliga kuwa na madereva wawili wa nyumbani wasiozidi miaka 21, na mbio za pili za kila mechi ni zao wenyewe. Hivyo kijana wa miaka 17 anapata mbio za kweli kila wiki. Akifikisha miaka 22 mlango huo unafungwa, na wengi hupotea hapo. Ukiwa na miaka 19 anza kujiuliza kama wastani wako wa pointi unatosha kusimama bila kanuni ya kukubeba.

Pikipiki

Injini ni cc 500, silinda moja, mipigo minne, inakunywa methanoli tupu isiyoongezwa kitu. Uzito wa pikipiki hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 77. Injini zinazoonekana zaidi ni GM za Italia na Jawa za Jamhuri ya Czech. Kiwandani zinatoka nzuri, lakini hakuna dereva wa ligi kubwa anayekimbia nayo kama ilivyotoka. Hupelekwa kwa fundi wa injini anayechonga njia za hewa, kubadilisha kamshafti na kupanga upya mgandamizo. Mafundi hao ni wachache, wana foleni, na jina la fundi aliyekutengenezea injini huulizwa sana kwenye banda la mafundi.

Anza na pikipiki mbili na injini tatu kama mfuko unaruhusu. Pikipiki moja haitoshi hata kwa ligi ya chini, kwa sababu cheni ikikatika mbio za kwanza, mbio zako tatu zilizobaki zimekwenda na maji. Kuhusu injini, nunua iliyotumika yenye daftari. Muuzaji asiyejua injini imekimbia mbio ngapi tangu konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) ibadilishwe anakuuzia bahati nasibu. Wewe pia uwe na daftari lako: tarehe, kiwanja, mbio ngapi, jeti (kitundu cha mafuta cha kabureta) gani, meno mangapi, matokeo. Injini hizi huhesabiwa kwa mbio kama taksi inavyohesabiwa kwa kilometa, na ikipita muda wa matengenezo, konrodi ikivunjika inaondoka na krenki, silinda na kichwa kwa pamoja.

Matairi: la nyuma rimu yake ni inchi 19, la mbele inchi 23 na jembamba. Linalofanya kazi ni la nyuma, na ukingo wa vinundu vyake vya mpira ndio unaouma udongo. Kwa kuwa unazunguka upande mmoja tu, ukingo mmoja huliwa kwanza. Tairi hugeuzwa ili ukingo mkali ufanye kazi. Tairi iliyokimbia mechi moja bado inaonekana mpya machoni pa mtu wa bodaboda. Pitisha kidole kwenye ukingo: kama umekuwa mviringo, hiyo ni ya mazoezi.

Kiatu cha chuma huvaliwa juu ya buti la kushoto. Kinatengenezwa kwa kipimo cha buti lako, na chini yake huchomelewa chuma kigumu kwa sababu kila kona kinasugua ardhi. Kikikaa legelege, mguu unanasa kwenye mfereji wa udongo na goti linapinda vibaya. Upande wa kulia wa pikipiki kuna kulabu ya kushikia goti, ambayo ndiyo inakuweka juu ya chombo wakati mguu wa kushoto uko chini. Mengine ni lazima kwa kanuni au kwa akili: kinga ya mgongo, helmeti ambayo haijawahi kupigwa chini, na kamba ya kuzimia injini inayofungwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kamba iwe fupi kiasi cha kuchomoka mara tu unapoachana na pikipiki. Ikiwa ndefu, pikipiki itakuburuta huku injini inanguruma.

Methanoli

Inastahili sehemu yake, kwa sababu mgeni anayetoka kwenye petroli hukosea hapa. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huhitaji sehemu 14.7 za hewa. Methanoli huhitaji sehemu 6.4 tu. Maana yake kabureta inapitisha mafuta zaidi ya mara mbili, na jeti zake ni kubwa kiasi hicho. Methanoli pia hupoza sana inapogeuka mvuke, kiasi kwamba siku ya baridi kabureta hufanya barafu kwa nje. Ndiyo maana injini hupashwa moto kwenye stendi kabla ya mbio, tairi la nyuma likiwa juu. Ukiondoka na injini baridi, itakohoa kwenye geti, yaani mahali pako pa kuanzia nyuma ya utepe.

Ina sumu. Inaingia mwilini hata kupitia ngozi, na ikinywewa inapofusha na kuua. Vaa glavu za mpira unapojaza, na usinyonye kwa mdomo ili kuhamisha kwenye galoni, hata mara moja. Moto wake mchana karibu hauonekani: unaona hewa inacheza na rangi inababuka, mwali huoni. Weka ndoo ya maji karibu, kwa kuwa methanoli huchanganyika na maji na hivyo maji huizima.

Inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo galoni lililoachwa wazi wiki nzima limeshaharibika. Inakula pia aluminiamu. Baada ya mechi, mwaga iliyobaki kwenye tangi na kabureta, ukaushe. Ukiiacha, wiki ijayo utakuta unga mweupe kwenye jeti, na injini itakosa mafuta katikati ya mstari ulionyooka, mahali ambapo pistoni hutoboka. Usitegemee pia kusoma rangi ya plagi kama kwenye petroli; methanoli haiachi masizi ya maana. Wenye uzoefu husikiliza mlio na kutazama jinsi injini inavyoitika mafuta yanapofunguliwa.

Kujifunza kuserereka

Tumia pikipiki ya cc 125 au 250 kwanza, na kiwanja kitupu. Weka koni nne za duara pana.

Zunguka taratibu mguu wa kushoto ukiwa mbele kidogo, kiatu kikigusa ardhi bila kubeba uzito wako. Uzito uko kwenye kibao cha mguu wa kulia. Ukifika kona, funga mafuta kidogo, laza pikipiki kushoto, kisha fungua mafuta kwa mkono mmoja laini. Tairi la nyuma litaanza kwenda nje. Hapo usukani unageuzwa kulia, kuelekea tairi la nyuma linakokimbilia. Kuanzia hapo pikipiki haiongozwi tena na usukani, inaongozwa na mafuta: ukifungua zaidi inageuka zaidi, ukipunguza inanyooka.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha wanaoanza. Mtu akiogopa katikati ya kona, mkono hufunga mafuta wenyewe. Tairi la nyuma linashika ardhi ghafla, pikipiki inasimama wima na kwenda moja kwa moja kwenye ukuta, au inamrusha dereva upande wa kulia. Kocha anaweza kulisema hilo mara mia. Dawa ni marudio kwa mwendo mdogo hadi mkono uzoee kubaki wazi wakati moyo unakataa. Kosa la pili ni kutazama tairi la mbele. Tazama mahali unapotaka kutokea.

La tatu linakuja ukishakuwa na mwendo: unatoka kwenye kona, tairi la nyuma linapita sehemu yenye unyevu, linauma, na pikipiki inaruka mbele huku mikono yako imenyooka na makalio yako yako nyuma. Tairi la mbele linapaa. Ukiwa umenyoosha mikono, kila inavyokuvuta ndivyo unavyozidi kufungua mafuta bila kutaka. Viwiko viwe vimepinda na kifua kiwe juu ya usukani kabla hujafika kwenye sehemu hiyo.

Jifunze pia kuilaza. Mwenzako akianguka mbele yako huna breki; unachoweza ni kuigeuza zaidi, kuilaza upande wa kushoto na kuiachia. Fanya hivyo kwa makusudi mazoezini, kwa mwendo mdogo, mpaka isiwe jambo la kufikiria.

Geti

Kama una saa kumi za mazoezi kwa mwezi, saa sita zipeleke hapa. Aliyetoka wa kwanza kwenye kona ya kwanza ana hewa safi na anachagua njia. Waliobaki wanakula udongo kwenye miwani kwa dakika nzima. Kwenye viwanja vilivyokauka na kuwa vitelezi, kupita mtu ni kazi ngumu sana.

Kengele au taa ikishatangaza dakika 2, usipoteze hata moja. Nenda kwenye geti lako, kwa buti futa udongo mlegevu mahali tairi la nyuma litakapokaa, tafuta ardhi ngumu iliyo chini, na tengeneza njia fupi iliyonyooka mbele. Sogea hadi karibu na utepe bila kuugusa. Ukiugusa, ligi nyingi zinakutoa kwenye mbio. Uingereza unaweza kurudishwa mita 15 nyuma au nafasi yako akapewa wa akiba. Kaa mbele karibu na tangi, kifua juu ya usukani, mguu wa kulia kwenye kibao, wa kushoto chini. Vuta klachi, pandisha mlio wa injini hadi kiwango ulichokizoea, na ukishikilie hapo hapo.

Taa ya kijani ikiwaka, mwamuzi anaweza kuachia utepe wakati wowote. Tazama utepe wenyewe au chuma kinachoushikilia. Usimkisie mwamuzi. Dereva anayejaribu kuotea atatikisika, na kutikisika ni onyo. Utepe ukitikisika, klachi inaachiwa kwa vidole, si kwa kuitupa yote: robo ya kwanza haraka, kisha kuihisi tairi inapouma.

Ukishindwa kwenye geti, chanzo huwa kimoja kati ya hivi. Pikipiki ikijivuta mbele huku klachi imebanwa, pleti zimepata moto na kuvimba. Rekebisha nafasi ya kishikio au badilisha seti. Tairi la mbele likinyanyuka, ama umekaa nyuma, ama meno ya nyuma ni mengi mno kwa ardhi inayoshika. Gurudumu likisaga bila kwenda, mlio ulikuwa juu mno au hukusafisha hadi chini. Na kama kila kitu ni kizuri ila umechelewa, mara nyingi mabega yamekaza: pumua nje wakati taa ya kijani inawaka.

Geti 1, la ndani kabisa, lina njia fupi, lakini watatu wa nje wakikufungia unabaki huna pa kwenda. Geti 4, la nje kabisa, lina njia ndefu, ila ukifika kona umeshika mwendo na udongo wa nje haujaliwa. Kabla ya mechi, tembea kwa miguu uone ni geti gani lenye unyevu.

Kusoma kiwanja na kubadilisha

Huko Uingereza, mzunguko wa kiwanja cha Poole una mita 299, wa Belle Vue ya Manchester mita 347. Pikipiki iliyopangwa kwa kimoja haitakwenda kwenye kingine bila kuguswa. Kifaa cha kwanza ni sproketi ya nyuma. Meno mengi zaidi yanaleta nguvu ya kuondoka na kuchoka mapema kwenye mstari. Meno machache yanaleta mwendo mrefu na kupunguza kusaga. Kiwanja kizito chenye udongo wa kina kinataka meno zaidi, kiwanja kikavu na kitelezi kinataka machache. Badilisha jino moja, ukimbie, uandike. Anayebadilisha sproketi, jeti na tairi kwa wakati mmoja hatajua kilichomsaidia.

Kifaa cha pili ni urefu kati ya magurudumu. Ukisogeza gurudumu la nyuma mbele, uzito unalala juu yake, linashika zaidi na la mbele linakuwa jepesi. Ukilisogeza nyuma, pikipiki inatulia lakini inageuka kwa uvivu. Milimita chache zinatosha kuhisiwa. Cha tatu ni upepo wa tairi, cha nne ni muda wa cheche. Hicho cha nne mwachie fundi.

Kumbuka kiwanja hakibaki kimoja usiku kucha. Maji hukauka, udongo husukumwa kuelekea ukuta wa nje, na kufikia mbio za 8 njia ya ndani iliyokuwa ya dhahabu imekuwa kama sakafu. Kila trekta linapotoka kusawazisha, simama utazame blade inapeleka udongo wapi. Wengi huwa wanakunywa chai wakati huo.

Kati ya mbio na mbio

Mechi ya ligi ina mbio 15. Wewe utakimbia 4, labda 5, na kati yake una dakika kumi na kitu, wakati mwingine chache kuliko hizo. Wewe na fundi mgawane kazi, na mpangilio uwe ule ule kila mara:

1. Pikipiki kwenye stendi, funga bomba la mafuta, mwambie fundi maneno mawili tu: ilisaga au ilinyanyuka.
2. Kagua cheni na mkazo wake, nati za akseli, spoki, kizuia udongo cha nyuma na ekzosi. Mtikisiko wa silinda moja hulegeza kila kitu.
3. Jaza methanoli. Tangi ni dogo, na kusahau hatua hii kumeshawasimamisha mabingwa kwenye mzunguko wa 4.
4. Pima mchezo wa kishikio cha klachi ikiwa bado ya moto.
5. Badilisha tairi au jino kama mmeamua, kisha andika.
6. Miwani safi, glavu kavu, maji ya kunywa.

Kwenye banda hupimwa pia pombe kwa kupuliza kifaa. Bia ya jana usiku inaweza kukutoa kwenye mechi ya mchana.

Wastani, mkataba na hesabu

Uingereza wastani wa dereva hupatikana hivi: pointi ulizopata, jumlisha bonasi, zidisha kwa 4, gawanya kwa idadi ya mbio. Bonasi hupewa anayemaliza nyuma tu ya mwenzake wa timu huku akiwa amemwacha mpinzani. Tuseme umekimbia mbio 40, una pointi 60 na bonasi 6: 66 mara 4 ni 264, gawanya kwa 40, wastani wako ni 6.60. Sasa sikiliza ugumu wake. Klabu zinajenga timu chini ya kikomo cha jumla ya wastani wa wote. Ukipanda kutoka 5 hadi 7 unaweza kujikuta huna nafasi, kwa sababu hutoshei tena kwenye hesabu ya klabu iliyokulea. Kabla msimu haujaisha, ujue ni klabu zipi zitakuwa na nafasi ya namba yako.

Poland mkataba huwa na vipande viwili: fedha za maandalizi zinazolipwa kabla ya msimu, na bei ya pointi moja. Kijana huvutiwa na kipande cha pili. Angalia cha kwanza, kwa sababu ndicho kinachonunua injini mwezi Februari. Uliza kwa maandishi: pointi zinalipwa baada ya siku ngapi, mechi ikiahirishwa kwa mvua nani analipa safari, ukiumia kwenye mechi ya nchi nyingine mkataba unasemaje, na umehakikishiwa mechi ngapi. Klabu kuchelewesha malipo ni jambo linalotokea. Weka akiba ya kuendesha kikosi chako miezi miwili bila senti kutoka nje.

Fanya hesabu kwa mechi. Kwa mfano wa namba tu, pointi ikiwa euro 100, usiku wa pointi 9 ni euro 900. Toa matairi mawili, methanoli, fundi, mafuta ya vani, hoteli, na sehemu ya matengenezo ya injini kwa mbio 4 zilizoongezeka kwenye daftari. Ukiona pointi 3 hazilipi hata hayo, umejua kikomo chako cha kufanya kazi kwa hasara. Wadhamini wanaziba pengo: nembo kwenye jezi na madigadi. Mdhamini mdogo wa mtaani anayelipa kila mwezi ni bora kuliko ahadi kubwa.

Kuumia

Mtulinga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo ni kati ya vinavyovunjika. Kuta za hewa kwenye kona zimeokoa wengi, lakini hatari ipo: Darcy Ward wa Australia, aliyekuwa kati ya vijana bora duniani, alipooza baada ya ajali Zielona Góra mwaka 2015. Kata bima inayolipa kipato, siyo matibabu pekee, na isome kama inataja mbio za pikipiki. Bima nyingi za kawaida zinaziweka kando.

Mtulinga uliowekewa chuma unaweza kuruhusu kurudi mapema, na shinikizo la klabu litakuwepo. Kabla ya kukubali, jaribu hili: ning'inia kwenye chuma, kisha shikilia klachi ya pikipiki iliyowashwa kwa muda wa kusubiri utepe, mara tano mfululizo. Ukishindwa, utapata sifuri na kuharibu wastani. Ukigonga kichwa, hakuna jaribio la nyumbani; daktari ndiye anayeamua.

Kwa anayetoka mbali

Afrika Mashariki leo haina ligi ya spidwei. Ina motokrosi, Busiika nje ya Kampala kwa mfano, na huo ni msingi mzuri wa mizani na woga. Motokrosi lakini inakufundisha kusimama, kuruka na kutegemea breki, na hayo matatu itabidi uyasahau. Njia ya kuiga ni ya Waaustralia: wanakulia kwenye viwanja vya watoto kama kile cha Gillman, Adelaide, kisha wakiwa vijana wanahamia Uingereza kwenye ligi ya pili, wanaishi kwa jamaa au kwa familia ya mshabiki, na baada ya misimu miwili au mitatu Poland inawaita. Ivan Mauger wa New Zealand alikwenda Uingereza mwaka 1957, mambo yakamkatalia, akarudi kwao, akaenda tena 1963 na hatimaye kuwa bingwa wa dunia mara 6.

Viza ya kazi ya mchezo huhitaji barua ya kuidhinishwa na chombo kinachosimamia mchezo huo, na barua hiyo hutazama matokeo. Kwa hiyo usiende moja kwa moja kutafuta klabu. Lipia kwanza wiki za mazoezi kwenye shule ya spidwei, pata leseni, kimbia mashindano ya wazi, ukusanye karatasi za matokeo. Machi timu nyingi hushuka kusini kutafuta jua, Goričan huko Croatia pakiwa kituo kimojawapo, na kocha huona watu huko kabla ratiba haijambana.

Dirisha la uhamisho la Poland hufunguliwa Novemba, lakini mazungumzo huanza Agosti. Ukifika Oktoba, injini ziwe tayari kwa fundi, daftari la mbio liwe limejumlishwa, na uwe na ukurasa mmoja unaoonyesha wastani wako wa nyumbani na wa ugenini kando kando. Meneja hutazama wa ugenini kwanza.